Mwalimu na Gunia la Kaseti

Wanakwaya wetu wakikutana, iwe harusini au kwenye matanga, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajasimama kumwiga Mwalimu. Anapandisha suruali kidogo, anainamisha kichwa upande wa kushoto, ananyoosha kidole kimoja hewani, halafu anasema, "Sauti ya pili, munalala." Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi ni wa sauti ya pili, kwa hiyo huwa nacheka kidogo kuliko wenzangu.

Tulimwita Mwalimu, na sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake, hata mke wake, ambaye naye tulimwita Mama Mwalimu. Hakuwahi kushika chaki. Alifundisha kwaya: kwanza kambini, kule tulikoishi miaka baada ya kukimbia Kivu ya Kusini, kisha hapa Buffalo, katika chumba cha chini cha kanisa la zamani la West Side tulilotumia kwa zamu na watu wengine. Safari ya kuja Amerika ilitugawa. Wengine walipelekwa Louisville, wengine Columbus, na sisi tuliobaki tukaletwa huku kwenye theluji. Kwaya moja ikawa vipande vitatu, ila Mwalimu hakuikubali hesabu hiyo. Kwake sisi tulikuwa bado kwaya moja, yenye shida ya usafiri tu.

Kwa miaka mingi niliishi chini yake, nami nasema chini kwa maana ya ngazi. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa ya familia mbili: yeye na Mama Mwalimu juu, mimi na binti zangu chini. Nilimjua kwa hatua zake. Akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni bila kupumzika, nilijua anatunga wimbo. Akisimama ghafla juu ya jiko langu, nilijua amepata ubeti wa pili, na kwamba Jumamosi tutakiona cha moto.

Alikuwa na vita na saa. Mazoezi yalianza Jumamosi alasiri, na aliyechelewa alikuta mlango umetiwa komeo. Ukimweleza kwamba basi halikuja, alikujibu kupitia upenyo wa mlango, "Mungu haiko na ratiba ya basi." Siku moja alichelewa yeye, kwa sababu tai yake ilikataa kukaa sawa, na sisi tukatia komeo. Aligonga. Mzee mmoja wa sauti ya nne akaweka mdomo kwenye upenyo na kumwambia habari za Mungu na ratiba. Mwalimu alisimama kwenye theluji kitambo, kisha akasema, "Bon. Nimeelewa. Fungueni." Tulifungua tukidhani amejifunza. Jumamosi iliyofuata alikuja mapema kuliko wote na kufunga mlango kama kawaida yake.

Alihubiri unyenyekevu, lakini katika kila picha ya kwaya tuliyopiga yuko katikati, na kama hayuko katikati picha ilirudiwa. Alihubiri kusamehe, lakini kuna mtu wa sauti ya tatu aliyewahi kuanza kuimba kabla ya ishara, kwenye maziko fulani kule kambini, na habari hiyo tulisimuliwa kila mwaka. Alisema wimbo hauna haraka, mwenye haraka ni mwimbaji. Halafu akala chakula chake kwa kasi ambayo Mama Mwalimu aliionea aibu mbele ya wageni.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha kukata mabati. Wenzake walipewa vizibo vya masikio, yeye akavitia mfukoni. Alisema mtu wa kwaya hazibi masikio, na kwamba ile mashine ina mdundo mzuri kuliko wapiga ngoma wengi aliowahi kuwaona. Hakuwa anatania. Alirudi nyumbani na midundo ya kiwandani, akaitia kwenye nyimbo zetu, na Furaha, binti yangu mkubwa, aliniambia siku moja kwa Kiingereza chake cha shule kwamba wimbo mpya wa Mwalimu unasikika kama mtu anayevunja gari. Nilimtafsiria Mwalimu nikilainisha kidogo. Alifurahi, akasema mtoto ana sikio.

Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, nacho ni kunyang'anywa kwaya. Sisemi haya kwa kubahatisha, alinieleza mwenyewe. Mwalimu aliyemtangulia kule kambini alipoanza kupoteza macho, kanisa lilimfanyia sherehe. Walimshukuru, wakamketisha kwenye kiti chenye kitambaa mstari wa mbele, wakampa soda. "Alikaa pale na soda yake," Mwalimu aliniambia, "na hakuna mutu alimuuliza tena kitu. Hata kuuliza wimbo iko ju ao iko chini. Walimuheshimu mpaka akakufa." Neno "walimuheshimu" alilitamka kama mtu anayetema mfupa wa samaki.

Na hapa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Katika kanisa letu mtu akifanya dhambi ya wazi, anawekwa nyuma. Anakaa benchi la mwisho kwa miezi kadhaa, haimbi, hashiriki meza ya Bwana. Muda ukiisha anasimama mbele ya watu, anatubu, wanampigia makofi, na anarudi kwenye nafasi yake ileile. Hatulioni benchi la nyuma kuwa ni mwisho wa mtu. Wengi wetu tumelikalia, na kuna wanaolifahamu vizuri kuliko kiti cha nyumbani.

Basi, kaseti. Mwalimu alikuwa na gunia la kaseti. Lilikuwa gunia la mchele, la nailoni, na ndani yake mlikuwa na maisha yetu yote ya uimbaji: ibada za kambini, harusi, mashindano ya kwaya, mikesha. Zile karatasi zenye majina zilikuwa zimebanduka zamani kwa unyevu. Hakuna aliyejua kaseti ipi ni ipi isipokuwa yeye. Alikuwa akiitia kwenye redio yake ya zamani, na kabla hata sauti ya kwanza haijamaliza kupumua alikuambia ni ibada gani, nani alianzisha, na nani aliharibu.

Ila kaseti hizo zilikuwa na historia. Kambini kaseti mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo Mwalimu alinunua sokoni zile zilizokwisha kutumika, za muziki wa baa, akaziba vile vitundu vya juu kwa kikaratasi na gundi ili zikubali kurekodiwa upya, akarekodi kwaya juu yake. Alirekodi upande mmoja. Upande mwingine ukabaki na magitaa yake na mambo yake. Yeye alikuwa mkali kuliko wote kuhusu muziki wa dunia, alikuwa akituambia kwamba gitaa la baa linaingia kwa sikio na kutokea miguuni, na miguu ndiyo inayompeleka mtu motoni. Nilimuuliza, nikijifanya sielewi, inakuwaje basi gunia lake nusu yake ni baa.

"Nimeziokoa," alisema. "Kaseti ilikuwa inapotea, miye nikaibatiza."

"Upande mmoja, Mwalimu?"

"Wokovu ni safari, Mama Furaha."

Kisha korona ikaja, tukafungiwa. Kanisa likahamia kwenye simu, mazoezi yakafa. Wengi wetu tuliendelea kwenda kazini, maana mabohari hayakufunga na nyumba za wazee hazikufunga, mimi mwenyewe nilikuwa nauguza wazee nikiwa nimefunikwa kama mfuga nyuki. Tulikuwa tukirudi nyumbani tunavua nguo mlangoni, tunaogopa kuwagusa watoto wetu. Columbus walizika mtu bila kuimba. Hilo lilituumiza, kwa sababu hatukuwahi kumzika mtu kimya tangu tuzaliwe.

Baada ya maziko hayo Mwalimu aliandika kwenye grupu la simu, lile lenye watu wote wa miji mitatu: "Kwaya haiko imekufa. Kila asubui nitatuma wimbo moja. Mkono njo itachagua, haiko miye." Na kila asubuhi ikawa hivyo, mkono ndio uliochagua. Nilimsikia juu ya dari akiburuta gunia hadi katikati ya sebule. Baadaye Mama Mwalimu alinieleza utaratibu: anafumba macho, anaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, anachanganya kama mtu anayetafuta ndizi iliyoiva, anachomoa moja. Anaitia redioni, anaisogeza simu kwenye spika, anarekodi, anatuma.

Hukujua kitakachokuja. Siku moja ilikuwa mkesha wa kambini, na watoto wachanga wanalia nyuma ya nyimbo, watoto ambao sasa wana ndevu na wanaendesha magari ya mizigo Louisville. Siku nyingine ilikuwa mashindano tuliyoshindwa, na kila mtu akaanza upya kubishana kwa nini tulishindwa. Watu walisikiliza wakiwa kwenye maegesho ya bohari kabla ya kuingia zamu. Mimi nilikuwa nasikiliza jikoni nikiwa bado na koti, na kuna asubuhi nililia mpaka nikakaa chini, kwa sababu nilijisikia ndani ya sauti ya pili, nikiwa msichana.

Watu walianza kumwomba. Louisville walitaka harusi ya fulani, Columbus walitaka Pasaka ya fulani. Akakataa wote. Alisema akianza kuchagua, Louisville watanung'unika kwamba anaipenda Buffalo, Columbus watasema wamesahauliwa, na sisi wa Buffalo tutavimba vichwa. Mkono hauna kabila wala mji. Tulimsifu kwa hekima hiyo.

Halafu akaongeza mtihani. Baada ya kila wimbo aliandika: "Museme ni wimbo gani na nani alianzisha." Tulijibu kwa pupa, na jioni alitoa maksi kwa miji. Columbus sifuri. Louisville nusu. Buffalo tano kwa tano. Siku ambayo Louisville walisema ni wimbo mmoja na Columbus wakang'ang'ania ni mwingine, alitoa nusu kwa kila upande na kuandika kwamba wote wamekaribia. Nakumbuka niliona ni ajabu kidogo, kwa sababu Mwalimu niliyemjua hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba amekaribia. Nikadhani korona imemlainisha.

Alikuwa amebadilika na mambo mengine pia. Zamani alipenda kupiga simu, simu ndefu za kukueleza makosa yako. Sasa alisema mambo mazito yaandikwe. Kwenye mikutano ya kanisa kwa simu aliketi bega kwa bega na Mama Mwalimu, na ukimuuliza kitu alimtazama mkewe kwanza, na sisi akina mama tukasema, tazameni, hatimaye mwanamume huyu amejifunza kumheshimu mke wake.

Ikafika Jumapili ile. Mama Mwalimu, ambaye alikuwa akifua mashuka kwenye kiwanda kikubwa cha udobi mjini, aliitwa kazini ghafla, mtu alikuwa ameugua. Mwalimu akabaki peke yake na gunia. Ibada ilikuwa imekaribia kuanza, watu wa miji mitatu wameshavaa, wamekaa mbele ya simu zao, wengine na watoto magotini. Wimbo ukaingia kwenye grupu. Nikaubonyeza.

Kwanza gitaa, lile la kuchechemea linaloanza peke yake kabla ngoma hazijajua. Halafu mwanamke, na sauti yake imejaa dharau tamu. Kila mtu wa rika letu aliyewahi kukanyaga sherehe yoyote kando ya ziwa letu kule anaujua wimbo ule. Ni wa mke anayemwambia mume aliyerudi alfajiri kwamba asijisumbue kuvua viatu, alale navyo, maana anayemngoja huko alikotoka atamhitaji mapema. Na una maneno mengine kuhusu kitanda ambayo siyaandiki. Ulipigwa wote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sehemu ya magitaa mawili kuongea. Chini yake Mwalimu ameandika: "Museme ni wimbo gani na nani alianzisha."

Grupu la watu wanaobishania hata rangi ya shati lilinyamaza kabisa. Juu ya dari hatua za Mwalimu zilitembea kwa utulivu, kama za mtu aliyemaliza kazi njema. Baada ya kitambo akaandika tena: "Wote sifuri."

Mchungaji wa Louisville, anayeyasimamia makanisa yetu yote matatu, aliufuta wimbo ule kwenye grupu kabla ya sala ya kufungua. Wiki hiyohiyo wazee wakafanya kesi. Mwalimu aliomba iwe kwa maandishi. Mzee wa sauti ya nne, ambaye alikuwa amehamia Columbus na yumo katika baraza lile, alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Shida yao kubwa ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuutaja wimbo wenyewe. Ukiutaja, umekiri kwamba unaujua. Kwa hiyo wazee wote, ambao wote waliucheza kwenye harusi zao, waliandika "wimbo wa dunia", "wimbo usiofaa", "kile kitu cha Jumapili". Yeye mwenyewe, Mzee wa Columbus, aliandika "ule wa viatu", akaufuta haraka, na akaomba Mungu kwamba hakuna aliyeuona.

Kila mmoja wetu alitegemea Mwalimu atajitetea. Ilikuwa rahisi: aseme aligeuza kaseti vibaya, aseme alituma bila kuusikiliza. Yeye akaandika sentensi moja. "Nilijua nafanya nini, nimekosa, muniweke nyuma." Tulipigwa na butwaa. Wengine walisema shetani amemwingia kwa njia ya upweke. Wengine, na mimi nilikuwa mmoja wao, tulisema moyoni kwamba labda mzee alichoka na huzuni akataka tucheze kidogo, na tukampenda zaidi kwa hilo.

Kumweka mtu nyuma wakati wa korona kulileta tatizo, kwa sababu benchi la nyuma halikuwepo. Mchungaji alifikiri, akaamua kwamba Mwalimu ahudhurie ibada kamera yake ikiwa imezimwa. Hilo ndilo likawa benchi. Kila Jumapili tuliona nyuso za watu, na katikati yao kile kipande cheusi chenye herufi ya jina lake. Hakukosa hata ibada moja. Nyimbo za asubuhi zilikoma, gunia halikuburutwa tena, na ukimya wa juu ya dari ulinichosha kuliko kelele.

Ukweli niliujua kwa sababu ya maharage. Ilikuwa adhuhuri, Mama Mwalimu yuko kazini, na kengele ya moshi ya ghorofani ikaanza kulia. Nyumba zetu ni za mbao kavu, kengele ile si ya kungojea. Nilidhani ataizima. Iliendelea. Nilipanda ngazi mbiombio, nikagonga, nikapiga kelele, nikausukuma mlango. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa maharage yaliyoungua, kengele inapasua masikio, na Mwalimu amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo. Kiganja chake kilikuwa juu ya redio. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa mdundo. Kaseti ilikuwa inazunguka ndani yake, lakini mimi niliyekuwa naisikia kengele sikuweza kusikia kama inaimba. Nilizima jiko, nikaipiga kengele kwa ufagio mpaka ikanyamaza. Ndipo nikasikia redio. Ilikuwa inatoa mkwaruzo mtupu, sehemu ile ya kaseti isiyo na kitu. Naye bado anatikisa kichwa.

Mimi ninayebadilisha betri za vifaa vya masikio vya wazee kila siku iendayo kwa Mungu, nilikuwa nimeishi chini ya kiziwi bila kujua.

Nilizunguka nikasimama mbele yake. Alinitazama mimi, akautazama ufagio, akautazama moshi. Hakushtuka. Aliondoa kiganja kwenye redio polepole.

"Tangu lini?" nilimuuliza, nikiupanua mdomo.

"Sikio ya kuume ilienda mbele ya korona. Ya kushoto iliifuata."

"Na wimbo wa Jumapili?"

"Niligeuza mubaya. Sikuisikia. Kila siku Mama njo alikuwa anasikiliza upande, na nyinyi njo mulikuwa munaniambia jina ya wimbo."

Nilikaa sakafuni. Nilikasirika, nawaambia kweli, nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia kwa mdomo na mikono kwamba angewaambia wazee, kwamba hakuna ambaye angemlaumu, kwamba angekuwa amesamehewa siku ileile badala ya kukaa gizani kama mlevi.

"Donc niwaambie nini? Kama sisikie?" Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini mno, kama viziwi wengine wanavyofanya wakiogopa kupayuka. "Mama Furaha, fikiri mwenyewe. Mwenye zambi anatubu, anarudi. Kiziwi anarudi wapi?"

Nilimsaidia kukwangua sufuria. Nilipokuwa natoka aliniambia nisiseme, na mimi sikusema.

Muda wake ulipoisha alitubu, kamera ikiwa imewashwa, amevaa tai iliyokubali kukaa sawa. Alitubu vizuri sana, kwa urefu, na watu wa miji mitatu walimpigia makofi ambayo aliyaona tu. Akarudishiwa kwaya. Kanisa lilipofunguliwa tukaja na barakoa, na hapo Mwalimu, mtu aliyeogopa korona kuliko wote na aliyekuwa akiosha hata ndizi kwa sabuni, akakataa katakata tuimbe na barakoa. Akatutoa nje, kwenye maegesho ya magari, kila mtu mbali na mwenzake, upepo wa Buffalo ukitupiga mpaka meno. Wanakwaya walinung'unika. Mimi nilijua anataka midomo yetu. Aliisoma yote, akainamisha kichwa kushoto kama zamani, na kidole chake kikamwangukia kila mvivu bila kukosea. Mtu akivuta pumzi mahali pasipofaa, alimwona bega. Nilipoacha kuimba na kuchezesha mdomo tu, nikitaka kumjaribu, alisimamisha kwaya nzima na kuniuliza kama nimekuja kutafuna.

Alituongoza hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka Mama Mwalimu aliposema theluji sasa basi, na wakahamia Louisville, mtaa wa Okolona, kwa binti yao. Kwaya akamkabidhi yule mtu wa sauti ya tatu, yule wa maziko, jambo lililotushangaza wote na yeye zaidi. Siku ya kupakia vitu vyao niliropoka mbele ya mama mmoja wa sauti ya kwanza kwamba namwonea huruma Mwalimu kwa masikio yake. Akaniambia, "Kumbe na weye ulijua?" Kumbe alijua mpiga ngoma wetu, alijua Mzee wa Columbus, walijua nusu ya kwaya, na kila mmoja alikuwa ameibeba siri ile peke yake akijiona mwaminifu kuliko wengine. Ndiyo maana tulikuwa tukiimba tumepanua vinywa kama vifaranga, na wageni wakatusifu kwa matamshi yetu safi.

Mwaka jana nilikwenda Louisville kwa harusi. Nililala Columbus kwa Mzee, na kesho yake nikafika Okolona mchana. Mwalimu alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, amenenepa, amevaa vile vifaa vya masikio alivyonunuliwa na binti yake. Alisema havimsaidii sana, vinafanya kila mtu aongee kama yuko ndani ya ndoo, lakini anavivaa wageni wakija ili wasijisikie vibaya. Ndege za mizigo zilikuwa zinashuka chinichini juu ya paa, na kila moja ilipopita alinyoosha kiganja mezani kuipokea. Aliniuliza habari za kwaya, za kila sauti, isipokuwa ya pili, ambayo alisema anajua hali yake.

Mama Mwalimu alipoingia jikoni kugeuza samaki, Mwalimu alisogeza kiti.

"Niko na swali. Usinicheke."

"Sicheki, Mwalimu."

"Ile wimbo ya wakati wa korona. Ya Siku ya Mungu. Ilikuwa wimbo gani?"

Nilidhani ananitania. Uso wake ulinionyesha hapana.

"Hawakukuambia?"

"Nani aniambie? Wazee waliandika wimbo ya dunia. Nyimbo ya dunia ni mingi. Huyu mama nilimuuliza, alisema mdomo yake haiwezi kutaja ile maneno. Na kaseti nilikuwa nimesharudisha mu gunia."

"Sasa ulitubu nini?"

"Zote," alisema. "Nilikumbuka zote zenye ziko kule upande ya nyuma, nikatubu moja moja, ili nisikose."

Nilimtajia. Akainamisha kichwa, akagonga kifaa cha sikio, akanipungia kwamba hajapata. Nilirudia, ndege ikapita. Basi nikaona liwalo na liwe. Nilisogea mpaka karibu na uso wake, nikafungua kinywa kama alivyotufundisha, nikamwimbia palepale kibarazani, mimi mama wa kanisa mwenye wajukuu. Nilimwimbia mke anavyosema lala na viatu vyako, baba, lala navyo, usijisumbue. Nilipofika mahali pa kuitikia nikasita, kwa sababu sehemu ile inataka mtu wa pili. Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta, sauti ya Mama Mwalimu ikaitikia, maneno yote, hata yale ya kitanda, bila kuruka hata moja.

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa ananitazama mdomo. Uso wake ulifunguka kidogo kidogo, miguu yake ikaanza kutafuta sakafu, na vidole vyake vikapiga mezani ile sehemu ya magitaa mawili, yote, mahali pake kabisa. Alipomaliza aliniegemea.

"Ile?" alisema. "Ile njo nilitubu?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Kama ningelijua ni ile, Mama Furaha, singelitubu."